Jinsi ya Kutenganisha Viambatisho na Barua Pepe Katika Thunderbird

Barua pepe ya ofisini kwa kawaida ni fupi: salamu, maelezo ya mistari mitatu minne, na jina la mwandishi. Kinacholijaza sanduku ni kile kilichoambatanishwa nayo, yaani fomu zilizopigwa skani, picha za vitambulisho, mikataba iliyotiwa saini na taarifa za benki. Akaunti ya bure ya Google, ambayo ofisi ndogo nyingi huitumia, hutoa nafasi ya GB 15 inayogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, na barua moja inayotumwa kwa Gmail huruhusiwa kubeba viambatisho vyenye jumla ya MB 25. Chama cha akiba na mikopo kinachopokea kila wiki fomu za maombi zilizopigwa skani kwa rangi hakitapita miaka mingi kabla ya kuletewa onyo kwamba nafasi inakwisha, na nafasi ikiisha kabisa barua mpya huacha kuingia.

Wengi wakifikia hapo hukimbilia kufuta barua nzima nzima. Uzito hupungua kweli, lakini pamoja nao hupotea tarehe, jina la mtumaji, na yale maelezo mafupi yaliyosema faili lilikuwa la nini na lilihitajiwa na nani. Miezi sita baadaye faili lenye jina la «Scan0001.pdf» likikutwa kwenye diski, hakuna anayeweza kusema lilitoka wapi. Inafaa zaidi kulitoa faili ndani ya barua, kulihifadhi mahali panapojulikana, na kuiacha barua yenyewe ibaki sandukuni ikiwa nyepesi. Thunderbird, programu ya bure iliyoanzishwa na Mozilla, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004 na ambayo hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux, ina amri ya kufanya hivyo. Amri yenyewe ni ya mbofyo mmoja. Kinachohitaji uangalifu ni mambo ya kutayarisha kabla yake na mambo ya kukamilisha baada yake, na huko ndiko mafaili ya watu hupotelea. Majina ya amri nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa Kiingereza, ili msomaji ayatambue akiyaona.

Kiambatisho hukaaje ndani ya barua

Barua pepe ilibuniwa ibebe maandishi tu. Kilichowezesha picha na nyaraka kusafiri ndani yake ni kiwango kinachoitwa MIME, kilichoandikwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed na kutolewa mwaka 1992, ambacho huigawa barua katika sehemu zenye mipaka na kuligeuza kila faili kuwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Mbinu ya kuligeuza inayotumika zaidi huitwa Base64. Katika mbinu hiyo kila baiti tatu za faili huandikwa kwa herufi nne, kwa hiyo faili likiwa ndani ya barua huwa zito zaidi kwa takriban theluthi moja kuliko likiwa peke yake: skani ya MB 9 huchukua zaidi ya MB 12 za sanduku. Ndiyo sababu kulitoa faili ndani ya barua na kuliweka kwenye diski huokoa nafasi kubwa kuliko ukubwa wa faili lenyewe.

Jambo hili linaweza kuonekana kwa macho. Fungua barua yoyote yenye kiambatisho, kisha bonyeza Ctrl na U kwa pamoja. Katika kompyuta za Mac tumia Command na U. Dirisha litafunguka likionyesha barua kama ilivyo hasa. Juu kabisa kuna mistari ya mtumaji, tarehe na njia iliyopitiwa; chini yake maneno ya barua; na baada ya hapo, kwa kurasa na kurasa, kuna msitu wa herufi usiosomeka. Ukitazama mwanzo wa msitu huo utaweza hata kutambua aina ya faili, kwa sababu faili la PDF likigeuzwa kwa Base64 huanza na JVBERi0, picha ya JPEG huanza na /9j/, na nyaraka za Word za aina ya docx huanza na UEsDB, sawa na mafaili ya ZIP.

Unapotenganisha kiambatisho, Thunderbird haiparuzi msitu huo ndani ya barua ileile. Huandika nakala mpya ya barua isiyokuwa na kiambatisho, huweka mahali pake mistari michache ya maelezo, kisha huitia barua ya awali alama ya kufutwa. Mstari mmojawapo huanza na maneno «X-Mozilla-External-Attachment-URL», na mbele yake kuna njia kamili ya kufikia faili kwenye kompyuta yako, kuanzia herufi ya diski hadi jina la mwisho. Mambo mawili yanafuata kutokana na utaratibu huo, na takriban kila tahadhari katika mwongozo huu inatokana nayo: kwanza, barua iliyobaki si ileile iliyotumwa; pili, inachokijua kuhusu faili ni anwani yake tu, na anwani ikibadilika barua haitaweza kulipata tena.

Amri nne na tofauti zake

Ukifungua barua yenye kiambatisho utaona, chini ya maneno ya barua, upau wenye jina la kiambatisho au idadi ya viambatisho, na upande wa kulia kitufe cha «Save» au «Save All» chenye mshale mdogo. Bofya mshale huo, au bofya jina la kiambatisho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na menyu itashuka. «Open» hulifungua faili bila kulihifadhi mahali pa kudumu. «Save As» huweka nakala kwenye diski na kuiacha barua kama ilivyokuwa, kwa hiyo haipunguzi chochote sandukuni. «Detach» huhifadhi faili kwenye diski, huliondoa ndani ya barua, na kuacha kiungo. «Delete» huliondoa faili bila kulihifadhi popote, na ukiitazama barua baadaye kwa Ctrl na U utakuta maelezo tu kwamba hapo palikuwa na kiambatisho na kwamba kilifutwa.

Amri mbili za mwisho zimekaa jirani katika menyu, na jicho lililochoka huzichanganya kwa urahisi. Ninamshauri kila anayeanza asitumie «Delete» kabisa mpaka atakapozoea kazi hii, hata kwa mafaili anayoyaona hayana thamani, kwa sababu faili lililotengwa linaweza kufutwa wakati wowote lakini lililofutwa ndani ya barua halirudi.

Hatua ya kwanza: weka nakala ya akiba

Kabla ya kugusa barua hata moja, nakili sanduku zima mahali pengine. Katika menyu ya «Help» chagua «Troubleshooting Information», tafuta mstari wa «Profile Folder», kisha bofya «Open Folder». Folda itakayofunguka ndiyo yenye kila kitu chako cha Thunderbird: barua, anwani na mipangilio. Funga Thunderbird kabisa ndipo uinakili kwenye diski ya nje, kwa kuwa kunakili programu ikiwa wazi huweza kuleta nakala yenye mafaili yaliyokatika katikati.

Hapa ni lazima ujue akaunti yako imeunganishwa kwa njia gani. Barua za akaunti ya POP, yaani njia inayozishusha barua kwenye kompyuta yako, pamoja na zile zilizo katika «Local Folders», zimo kwenye folda ndogo iitwayo Mail, na mara nyingi hizo ndizo nakala pekee ulizonazo. Barua za akaunti ya IMAP zinaishi kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wa barua pepe, na katika kompyuta, ndani ya folda ya ImapMail, zimo zile tu zilizokwisha kupakuliwa. Ikiwa akaunti yako ni ya IMAP, ingia katika mipangilio ya akaunti, fungua ukurasa wa «Synchronization & Storage», weka tiki kwenye kisanduku cha kutunza barua katika kompyuta hii, kisha subiri upakuaji ukamilike ndipo unakili. Upakuaji huo unaweza kula bando kubwa. Afadhali kuufanya mahali penye intaneti isiyopimwa kwa MB.

Hatua ya pili: amua makao ya mafaili kabla ya kuyatoa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Kwa kuwa barua itabaki na anwani ya faili peke yake, uamuzi wa mahali pa kuyaweka mafaili unapaswa kufanywa mara moja, mwanzoni, na uwe wa kudumu. Ukitenga viambatisho mia moja na kuviweka kwenye «Desktop» kwa sababu una haraka, kisha wiki ijayo ukaamua kuvipanga katika folda nzuri, barua zote mia moja zitakuwa na viungo vinavyoelekea mahali patupu. Thunderbird haitayafuata mafaili ulikoyapeleka.

Kwa sababu hiyohiyo usitumie flashi wala diski ya nje kama makao ya kwanza. Windows huvipa vifaa hivyo herufi kwa mujibu wa mpangilio wa kuchomekwa, na flashi iliyokuwa E leo inaweza kuwa F kesho ukichomeka kifaa kingine kwanza. Faili lipo, lakini anwani iliyoandikwa ndani ya barua si yake tena. Vilevile usiweke makao ndani ya folda yenye jina la mtumishi anayeweza kuhama au la kompyuta inayoweza kubadilishwa. Folda iliyo moja kwa moja ndani ya diski kuu, kwa mfano C:\Viambatisho, ni rahisi kuiandika, na ukinunua kompyuta mpya unaweza kuiunda ileile kwa jina lilelile na viungo vyote vikaendelea kufanya kazi.

Ndani yake gawanya kwa miaka kwanza, kisha kwa mada au kwa mtumaji. Majina ya mafaili yaanze na tarehe ya barua, mwaka ukitangulia, mwezi ukifuata na siku ikimalizia, mfano 2024-03-15_fomu-ya-mkopo_tawi-la-mjini.pdf, kwa sababu tarehe zilizoandikwa hivyo hujipanga zenyewe kwa mfuatano sahihi. Epuka alama za ajabu ajabu na majina marefu kupita kiasi. Mashine za skani hutoa majina yanayojirudia, na mafaili mawili yenye jina la «Scan0001.pdf» yakielekezwa katika folda moja yatagongana; anayebofya kukubali bila kusoma ujumbe kwenye skrini atalifunika la kwanza kwa la pili.

Hatua ya tatu: tafuta barua zilizo nzito

Si lazima kutenga kila kiambatisho. Katika masanduku mengi barua chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya uzito, na kuzishughulikia hizo kunatosha. Bonyeza Ctrl, Shift na K kwa pamoja ili kufungua upau wa kuchuja, kisha bofya alama ya kiambatisho. Orodha itabaki na barua zenye viambatisho peke yake. Baada ya hapo zipange kwa ukubwa. Ikiwa orodha yako inaonekana kama kadi, ambavyo ndivyo matoleo ya karibuni yanavyoipanga, ibadilishe kwanza iwe ya jedwali kupitia alama ya chaguo za maonyesho iliyo juu ya orodha, yenye «Table View». Kisha bofya alama iliyo mwisho wa kulia wa vichwa vya safu, chagua «Size», na ubofye kichwa cha safu hiyo mpaka barua kubwa zije juu.

Usishangae kuona barua nyingi ndogo zikidai kuwa na viambatisho. Nyingi ni nembo za makampuni zilizowekwa chini ya saini ya mwandishi, ambazo kila moja ni ya KB chache. Ziache. Muda wa kuzitenga hauendani na nafasi inayopatikana, na barua ikiondolewa picha zilizomo katikati ya maneno yake huweza kupoteza maana, hasa kama mwandishi alisema «tazama picha hapo juu».

Hatua ya nne: tenga, na uhakikishe kabla ya kukubali

Fungua barua ya kwanza. Ikiwa ina kiambatisho kimoja, au ina vichache ambavyo ni muhimu, vitenge kimoja kimoja: bofya jina la kiambatisho kwa kitufe cha kulia, chagua «Detach», nenda kwenye folda uliyoiandaa, na hapo hapo andika jina jipya la faili kabla ya kuhifadhi. Huu ndio wakati pekee unaofaa kulibadilisha jina, kwa maana jina utakaloliandika ndilo litakaloingia kwenye kiungo. Ukilihifadhi kwa jina la zamani ukakusudia kulibadilisha baadaye, utakuwa umekivunja kiungo kwa mkono wako.

Ikiwa barua ina viambatisho vingi visivyohitaji majina mapya, tumia «Detach All». Amri hiyo hukuuliza folda tu, na mafaili yote huingia humo kwa majina yaliyokuja nayo. Kwa hiyo unda kwanza folda ndogo kwa ajili ya barua hiyo moja, uipe tarehe na mada, na migongano ya majina haitatokea.

Kwa njia zote mbili Thunderbird huhifadhi mafaili kwanza, kisha hukuonyesha kisanduku kinachotaja mafaili yaliyohifadhiwa na kuuliza kama uko tayari yaondolewe ndani ya barua, ikieleza kwamba tendo hilo haliwezi kutenguliwa. Usibofye «OK» papo hapo. Kiache kisanduku kikiwa wazi, nenda kwenye folda kwa programu ya kawaida ya mafaili, na ulifungue faili lililohifadhiwa. Hakikisha kurasa zote zipo. Skani ya kurasa kumi na mbili ifunguke mpaka ukurasa wa kumi na mbili, na faili la ZIP lionyeshe orodha ya vilivyomo. Ukiridhika, rudi ukubali. Usiporidhika, bofya «Cancel», na barua itabaki na kiambatisho chake kama ilivyokuwa.

Kuhifadhi faili si sawa na kuliendesha, na faili lenye virusi likiwa limelala kwenye diski bila kufunguliwa halijafanya lolote. Lakini hatua ya kukagua inakutaka ulifungue, kwa hiyo ni lazima ujue unachokifungua. Windows kwa kawaida huficha sehemu ya mwisho ya jina la faili, na faili liitwalo ankara.pdf.exe huonekana kama ankara.pdf. Katika dirisha la mafaili, kwenye menyu ya «View», washa «File name extensions», kisha usilifungue faili lolote linaloishia na exe, scr, js au vbs, hata kama limetoka kwa mtu unayemfahamu, mpaka utakapompigia simu akuthibitishie. Mafaili ya namna hiyo ndiyo yanayostahili «Delete».

Baada ya kukubali, ifungue tena barua na ubofye kiambatisho. Kikifunguka, kiungo ni kizima.

Hatua ya tano: ibane folda

Ukitazama ukubwa wa sanduku mara tu baada ya kutenga viambatisho vingi, huenda ukakuta haujapungua, na pengine umeongezeka kidogo. Hilo halimaanishi kwamba kazi imeshindikana. Katika mpangilio wa kawaida, Thunderbird huziweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja refu, barua moja baada ya nyingine, na barua ya awali iliyotiwa alama ya kufutwa bado imo humo. Haionekani tu kwenye orodha. Nakala nyepesi nayo imeongezwa mwishoni. Nafasi hurudi pale folda inapobanwa, yaani faili lile refu linapoandikwa upya bila barua zilizofutwa.

Bofya jina la folda kwa kitufe cha kulia na uchague «Compact». Kabla ya hapo thibitisha kwamba diski ina nafasi tupu isiyopungua ukubwa wa folda yenyewe, kwa kuwa programu huandika faili jipya kwanza ndipo huliondoa la zamani. Usiifunge Thunderbird wala usizime kompyuta kazi ikiendelea; palipo na umeme wa kukatikakatika, ifanye kazi hii kwenye kompyuta ya mkononi yenye chaji ya kutosha. Na kwa kuwa kubana ndiko kunakoziondoa kabisa barua za awali, usiibane folda siku ileile uliyotenga kama huna uhakika na mafaili. Kuacha siku chache zipite, mafaili yatumike na yaonekane ni mazima, ni busara isiyogharimu kitu.

Barua zilizo kwenye seva, na Gmail hasa

Katika akaunti ya POP kazi imeishia hapo. Katika akaunti ya IMAP kuna mengine, kwa sababu mabadiliko hayafanyiki kwenye kompyuta yako tu. Thunderbird huipandisha barua nyepesi kwenye seva na kuifuta ile nzito, na kuanzia hapo mtu yeyote anayefungua sanduku hilo kwa simu, kwa kivinjari au kwa kompyuta nyingine ataiona barua isiyo na kiambatisho. Kiungo hakitamsaidia, kwa sababu kinaelekea diski ambayo yeye hana. Kama sanduku linatumiwa na watu wawili au zaidi, waambieni wote kabla ya kuanza, na mafaili yawekwe mahali ambapo kila mmoja ana ruhusa ya kuyafikia.

Gmail ina tabia yake ya pekee. Kinachoonekana kwenye Thunderbird kama folda ni lebo tu, na barua yenyewe imo katika «All Mail». Barua nzito ikifutwa kutoka kwenye folda ya «Inbox» kupitia IMAP, kwa mpangilio wa kawaida wa Google hubanduliwa lebo na kuwekwa kumbukumbuni, lakini haiondoki kwenye akaunti, na kwa hiyo inaendelea kuhesabiwa katika zile GB 15. Ndiyo maana mtu hufanya kazi siku nzima na kipimo cha nafasi kisisogee.

Kwa Gmail ninapendekeza utaratibu mwingine. Katika Thunderbird, chini ya «Local Folders», unda folda ya mwaka husika. Nakili barua nzito kutoka kwenye Gmail na kuziweka humo, nakili, usihamishe. Tenga viambatisho katika nakala hizo zilizo kwenye kompyuta, ukifuata hatua zilizotangulia, na uzikague. Ukishamaliza, ingia Gmail kwa kivinjari, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika has:attachment larger:10M ili kupata barua zenye viambatisho zinazozidi MB 10; ukiongeza older_than:1y utabaki na zile zilizopita mwaka mmoja tu. Zifute hapo zile tu ulizokwisha kuzitenga. Gmail hukusanya barua za mazungumzo mamoja na kuzionyesha kama kitu kimoja, kwa hiyo ukifuta mazungumzo kutoka kwenye orodha utakuwa umefuta na majibu yake yote. Fungua mazungumzo, tafuta barua nzito yenyewe, bofya vitone vitatu vilivyo kwenye kona yake, na uchague kuifuta hiyo peke yake. Barua iliyofutwa hukaa kwenye «Trash» kwa siku 30 kabla ya kuondolewa moja kwa moja, na katika muda huo bado inachukua nafasi. Siku hizo 30 ziache zipite kama hubanwi na nafasi, kwani ndizo nafasi yako ya mwisho ya kujirekebisha.

Barua zisizofaa kuguswa

Barua iliyotiwa saini ya kidijitali hulindwa na hesabu iliyofanywa juu ya maudhui yake yote, kiambatisho kikiwemo. Ukikitoa, hesabu haitalingana tena, na saini itaonekana batili ingawa mtumaji hana kosa. Alama za DKIM ambazo seva za kutuma huziweka katika barua nyingi za siku hizi nazo huvunjika vivyo hivyo, hata pale ambapo msomaji hazioni.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale barua inapoweza kufika mbele ya sheria: mkataba, ilani ya kuvunja mkataba, agizo la malipo, malalamiko ya mfanyakazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, katika kupima ushahidi wa kielektroniki, izingatie jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa, na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Barua iliyofunguliwa, ikatolewa kiambatisho na kuandikwa upya na programu itampa wakili wa upande wa pili swali la kuuliza. Barua za aina hiyo zitunze nzima nzima. Ichague barua, bonyeza Ctrl na S, na uihifadhi kama faili la eml, ambalo hubeba barua pamoja na kila kilichomo ndani yake bila kubadilisha chochote. Faili hilo liweke kwenye diski mbili tofauti, ukijua kwamba iliyobaki kwenye seva ndiyo yenye nguvu zaidi, na kwamba ukiifuta huko hutaweza kuirudisha ikiwa na hadhi ileile.

Viambatisho vyenye tabia tofauti

Mara nyingine kiambatisho ni barua nyingine, iliyopelekwa mbele ikiwa faili la eml, na ndani yake kuna viambatisho vyake yenyewe. Ukiitenga, zingatia kwamba umeitoa pamoja na vyote vilivyomo. Ifungue kwa Thunderbird kutoka kwenye folda, na mafaili ya ndani uyahifadhi kwa «Save As», ukiiacha eml yenyewe ikiwa nzima.

Faili liitwalo winmail.dat nalo huwasumbua wengi. Hutengenezwa na Outlook pale barua inapotumwa kwa mpangilio wa maandishi wa Microsoft, na nyaraka halisi, PDF au Word, zimefungwa ndani yake kwa namna ambayo programu nyingine haziwezi kuifungua moja kwa moja. Usilitenge ukidhani umehifadhi waraka, na wala usilifute ukidhani ni takataka. Mwandikie mtumaji akutumie tena barua hiyo kwa mpangilio wa HTML au wa maandishi matupu, na nyaraka zikishafika zikiwa na majina yake halisi, zitenge hizo, ndipo uondoe barua ya kwanza.